Ngoma ya Kumzika Neferkara

Khenu mwana wa Ankhu alikula mkate wa mfalme karibu maisha yake yote kwa kazi ambayo hakuwa ameifanya hata mara moja, na hakuna mtu aliyethubutu kumwita mvivu. Kazi yenyewe ilikuwa kucheza ngoma. Mfalme akifa, jeneza lake likaburuzwa na ng'ombe kutoka mtoni hadi kwenye piramidi, lazima wajitokeze wacheza Muu wawili waliovaa kofia ndefu za matete, wasimame mbele ya msafara na kucheza. Wasipocheza, jeneza halivuki mpaka wa makaburini. Mfalme awe ametawala nchi zote mbili, ya juu na ya chini, atabaki pale nje na ng'ombe wake mpaka Muu wamruhusu.

Kwa hiyo mkate ulikuwa wa halali. Tatizo ni kwamba mfalme hakufa.

Neferkara alikalia kiti akiwa mtoto ambaye miguu yake haijafika chini. Watu wazima wa wakati ule walitazamana, maana watoto wanajulikana: homa moja tu, kuhara mara moja tu, na mambo yamekwisha. Lakini yule hakuugua. Alikua, akaota ndevu, akaoa, akaoa tena, akawazika wakeze, akawazika mawaziri wake, akawazika watoto wa mawaziri wake. Nchi ile huhesabu miaka ya utawala kwa hesabu za ng'ombe, na ng'ombe wakahesabiwa na kuhesabiwa tena mpaka waandishi wakachoka. Piramidi lake lilikuwa limekamilika Khenu akiwa bado hajaanza kunyoa. Wajenzi waliliita Neferkara Amedumu Hai, na kwa kweli jina lile halikuwa na mzaha hata kidogo.

Chini ya piramidi hilo ulikaa mji mzima: makuhani, waoka mikate, watengeneza pombe, wafua nguo, na nyumba mbili za wacheza Muu. Wote walisamehewa kuchimba mifereji na kuvuta mawe ili wawe tayari kwa siku ya mazishi. Kwa ufupi, ulikuwa mji unaoishi kwa kumngoja mtu afe, na kila asubuhi ukimwombea asife. Walimwombea kwa moyo safi, wala usidhani ni unafiki. Waliomba kama mtu anavyoomba mvua huku nguo zake ziko kambani.

Ngoma yenyewe Khenu aliipata kwa babu yake, Iri. Huyu Iri alikuwa amewachezea wafalme wawili: baba yake Neferkara, na kaka yake aliyetawala kidogo akafa kijana. Jambo hilo lilimtia majivuno mpaka kaburini.

"Zamani zetu, mjukuu wangu," alikuwa akimnong'oneza Khenu, kwanza akichungulia kushoto na kulia, "zamani zetu wafalme walikuwa wanakufa vizuri."

Sasa, kulikuwa na sharti moja. Hatua za Muu hupigwa mfalme akiwa maiti tu. Ukizipiga angali hai, unamwita kifo, na aliyefanya hivyo hakuhojiwa mara mbili. Basi hapakuwa na mazoezi. Hapakuwa na kuonyeshana. Iri alimfundisha mjukuu wake ngoma kwa mdomo, wamekaa kwenye bustani ya vitunguu nyuma ya nyumba, mzee mwenyewe akiwa ameikalia miguu yake ili isije ikajisahau.

"Unaanza na mguu wa kulia. Hatua tatu za pembeni, kulia kwako. Unakunja goti, vidole vinaelekea ardhini. Halafu mkono wa kulia unanyooshwa mbele, kiganja wazi. Sema."

"Mguu wa kulia. Tatu za pembeni. Goti, vidole, mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kulia, babu."

"Ukisahau nitatoka kaburini nije nikuzabe kibao."

Kila siku hivyo hivyo, mpaka mtoto akaweza kuisema ngoma akiwa usingizini. Kuhusu mcheza Muu wa pili, Iri hakusema neno. Ukimsikiliza ungedhani alicheza peke yake, na kwamba yule mwenzake alikuwepo kwa ajili ya kushika kofia ikianguka.

Mwenzake huyo alikuwa babu wa mtoto mwingine wa mji ule, Sebeki. Khenu na Sebeki walikuwa binamu, walizaliwa mwaka mmoja, walitahiriwa pamoja na kuiba tini pamoja. Mabwana hao wawili walirithi kazi msimu mmoja, na kwa miaka kadhaa mambo yalikuwa shwari. Siku moja, baada ya sherehe ya mavuno, wakiwa kwenye mtungi wa tatu wa pombe, Sebeki alisema kwa sauti ya chini, kwa furaha tu, kwa kuwa mtu akilewa hutaka kuzungumzia kazi:

"Lakini binamu, siku ile ikifika! Tunaanza, mguu wa kushoto..."

"Wa kulia," Khenu alisema.

"Wa nini?"

"Wa kulia. Tunaanza na mguu wa kulia."

Sebeki alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Khenu, babu yangu aliniapia. Kushoto. Hatua tatu kushoto."

"Basi babu yako alikuwa amelewa siku ile ya mazishi."

Huwezi kumwambia mtu wa mji ule neno kama hilo na ukaendelea kunywa pombe yake. Mtungi ulivunjika. Mke wa Sebeki, Hepi, alitoka jikoni na unga mikononi akawakuta wanaume wawili wazima wameshikana shingo, na kila mmoja amekaza miguu yake ardhini kwa hofu isije ikasogea kuthibitisha anachosema.

Hapo ndipo Khenu alipokata mguu kwa Sebeki. Wangeweza kuumaliza ugomvi wao kwa kusimama tu na kupiga hatua tatu, na hilo ndilo jambo pekee lisilowezekana katika ufalme wote mpaka yule mtu wa Ikulu afe. Kwa hiyo walingoja. Wakipishana njiani, Khenu alitazama piramidi na Sebeki alitazama mto. Wake zao hawakushughulika nao. Inti, mke wa Khenu, aliendelea kusaga nafaka na Hepi kila asubuhi, na habari za nyumba moja zilifika nyumba ya pili kabla mkate haujaumuka.

"Wanaume wengine hugombania mashamba," Inti alikuwa akimwambia mumewe. "Wengine wanawake. Mimi nimeolewa na mtu anayegombania mguu, tena mguu wenyewe haujawahi kufanya kazi."

"Utaona siku hiyo."

"Siku hiyo! Nilikuwa na meno yote ulipoanza kuniambia siku hiyo."

Na mara nyingi ilionekana kama siku hiyo imefika, kumbe bado. Mfalme akizeeka hufanyiwa sherehe ya kurudishiwa nguvu, na lazima akimbie mbele ya watu kuonyesha kwamba bado anaiweza nchi. Sherehe ya kwanza Khenu alikwenda kutazama akiwa na magoti mazuri. Mfalme alikimbia. Ya pili alikwenda akiwa na goti moja linalolia. Mfalme alikimbia. Ya tatu Khenu alifika kwa fimbo, na hakuona kitu kwa sababu ya umati, lakini kelele zilimjulisha kwamba amekimbia tena. Wengine walisema amebebwa, na waliosema hivyo hawakulisema mara mbili.

"Uso huo!" Inti alimfinya ubavuni. "Watu wanakutazama. Furahi."

"Nimefurahi."

"Furahi kwa meno basi!"

Khenu akatoa meno. Mbele kidogo, kati ya vichwa, alimwona Sebeki naye ametoa meno vile vile, macho yamekufa. Kwa kitambo wakatazamana. Ungedhani watacheka. Khenu mwenyewe alidhani watacheka, na moyo wake ulipanda kwa furaha ambayo hakuitegemea. Kisha Sebeki akakumbuka mguu wa kushoto, Khenu akakumbuka wa kulia, na kila mmoja akageukia kwake.

Mara moja tu walifanya kitu pamoja, nacho kilikuwa kosa. Kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, alikwenda kwa Mereri, kuhani msomaji, kijana wa juzijuzi aliyepewa cheo cha kusimamia mazishi ambayo hakuna aliye hai aliyekuwa ameyaona. Walikutana mlangoni kwake, na hakuna aliyekubali kuwa wa kurudi nyuma.

"Tunaulizia ngoma, Bwana Mereri," Khenu alisema. "Mguu wa kuanzia. Labda kwenye maandishi yenu..."

Mereri aliweka chini kalamu yake ya unyasi. "Mguu wa kuanzia. Na kwa nini mnaulizia sasa?"

"Kwa kujua tu, bwana."

"Mmekaa miaka yote hii bila kujua. Leo mnataka kujua. Mmesikia nini kuhusu afya yake?"

"Hatujasikia kitu!"

"Kwa hiyo mnatarajia kitu."

"Uhai, ustawi na afya viwe kwake milele!" wakapiga kelele wote wawili kwa pamoja, wakitoka kinyumenyume. Ukweli ni kwamba Mereri hakuwa na maandishi yoyote kuhusu mguu, na alitishia kwa sababu aliogopa kuulizwa la pili. Lakini wale mabwana wawili walikimbia mpaka kisimani, na pale, wakihema, kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa kumwonyesha njia ya nyumba ya Mereri.

Uzee ukawakuta hapo hapo. Khenu alimzika baba yake, kisha mwana wake wa kwanza aliyekufa kwa kuumwa na nge, na hilo la mwana nalitaja haraka kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kulitaja. Neferkara akaendelea. Kulikuwa na watu mjini waliozaliwa, wakazaa, wakafa, na hawakuwahi kulijua jina jingine la mfalme. Watoto walidhani neno mfalme na neno Neferkara ni kitu kimoja.

Kisha Sebeki akaugua. Tumbo lilimvimba, mikono ikakonda, na mganga alipotoka ndani alikuwa ameshafunga mkoba wake. Hepi alikuja kwa Inti asubuhi, lakini safari hii alipitia mlango wa mbele, akamkabili Khenu.

"Shemeji, binamu yako anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Kwani ana binamu wangapi waliomnunia?"

Khenu alijifunga nguo safi akaenda. Nyumba ya Sebeki ilikuwa vile vile, ila imekuwa ndogo. Mgonjwa alikuwa ameegemezwa ukutani, uso umebaki pua.

"Umezeeka," Sebeki alisema.

"Wewe je? Unafanana na samaki mkavu."

"Hepi anasema hivyo pia." Akapumzika. "Khenu, funga mlango."

Khenu akafunga.

"Nisimamishe. Tusimame wote wawili, nipo mimi, upo wewe, tutazamane. Tuipige. Mara moja tu. Hatua tatu, halafu nirudishe mkekani."

Khenu akautazama tena mlango. "Mfalme yu hai."

"Na mimi ninakufa. Nani atakuja kunikamata? Nataka kuijua tu. Maisha yangu yote nimeibeba kichwani, sijui hata inafananaje."

"Mimi sifi, Sebeki. Mimi nina mke. Mtu akichungulia dirishani..."

"Dirisha liko juu kama paa! Nani atachungulia, korongo?"

Ilikuwa hofu, na hofu ya haki kabisa. Lakini kwenye hofu ile kulikuwa na kitu kingine kidogo, kichungu, ambacho Khenu alikijua vizuri: je, kama ni kushoto? Akipiga hatua leo na ikawa ni kushoto, atabaki na nini? Mtu mwenye umri wake haanzi kujenga upya. Akamtengenezea mgonjwa mto wa kichwa, akamfunika shuka ya kitani.

"Pona kwanza," akasema. "Tutaipiga siku yenyewe, mbele ya watu. Wataamua wao."

Sebeki aliivuta shuka mpaka kidevuni. "Basi nenda," akasema. "Nenda na mguu wako."

Alikufa kabla mto haujaanza kujaa. Alizikwa mchangani na mtungi wa pombe na mikate michache, bila ngoma, maana ngoma ni ya wafalme. Na mto ulipojaa, mchanga wa kaburi lake ukiwa bado haujatulia, mtu wa Ikulu alishuka bandarini amejipaka matope kichwani, akasema maneno ambayo hakuna aliyekuwa na hakika jinsi ya kuyapokea: kipanga ameruka kwenda mbinguni.

Mji wote ulisimama. Mwoka mikate mmoja aliuliza, "Kipanga gani?" Hakuwa na mzaha, masikini. Hakuwahi kusikia kifo cha mfalme kikitangazwa.

Wakati makuhani wakimkausha na kumfunga mfalme vitambaa, Mereri, ambaye naye sasa alikuwa na mvi, alikuja mbio nyumbani kwa Khenu.

"Mzee Khenu, wacheza Muu ni wawili."

"Mmoja amekufa, bwana."

"Amemfundisha nani?"

Khenu alikuwa ameshamuuliza Hepi swali hilo. Sebeki hakumfundisha mtu. Mtoto wake alikwenda jangwani na wachimba mawe akaishia huko, na wajukuu walikuwa wasichana watupu, na mzee alisema atafundisha ugomvi ukishaisha.

"Hakuna," Khenu alisema.

"Basi nitakupa mtu. Wewe mfundishe vile unavyojua. Afanye kama unavyofanya, basi."

Mtu mwenyewe alikuwa Idu, msimamizi wa ghala la vitunguu, mnene, mwenye jasho, mwenye nia njema isiyo na kifani. Mfalme akiwa maiti, sasa mazoezi yaliruhusiwa, lakini kofia zilichelewa, na Mereri alikuwa na mambo mia, na Khenu hakutaka kuitoa ngoma yake bustanini kabla ya wakati. Alimfundisha Idu kama alivyofundishwa: kwa mdomo, wamekaa. Mtu hufundisha namna anayoijua.

Siku ya mazishi ilikuwa na jua na vumbi. Umati ulijaa kutoka mtoni mpaka jangwani. Waliajiriwa wanawake wa kulia, na wengi walilia kweli, kwani waliogopa: mtu akiondoka aliyekuwepo tangu kuzaliwa kwako, unashika kichwa chako uone kama kipo. Ng'ombe waliburuza jeneza, maziwa yakimwagwa njiani ili mbao zilizolibeba ziteleze. Mereri akainua mkono, akaita kwa sauti kuu: "Njooni, Muu!"

Khenu akatoka. Magoti yalimuuma mpaka meno, na hakuyajali. Alikuwa amelia kidogo akivaa kofia, wala haikuwa kwa ajili ya mfalme. Alisimama. Idu alisimama mbele yake, wakatazamana uso kwa uso, kama Iri alivyowahi kusimama na yule ambaye hakumtaja.

Mguu wa kulia. Hatua tatu kulia kwake.

Idu naye, kwa utiifu mkubwa, mguu wa kulia. Hatua tatu kulia kwake.

Na kwa kuwa walikuwa wametazamana, kulia kwa mmoja kulikuwa kushoto kwa mwingine. Wakaachana. Khenu alikwenda upande wa mto na Idu upande wa jangwa. Wakakunja magoti, mmoja huku, mwingine kule. Vidole ardhini. Khenu akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, na mbele ya kiganja chake hapakuwa na mtu. Palikuwa na hewa na vumbi. Pembeni kabisa, Idu naye alikuwa amenyoosha mkono kwa jiwe.

Hapo ndipo alipojua. Kama yule wa mbele yake angeanza na mguu wa kushoto, wangekwenda upande mmoja, wakiwa bado wametazamana, na viganja vingekutana. Ilikuwa ngoma ya watu wawili. Babu yake alimpa nusu, na babu wa Sebeki akampa Sebeki nusu, na wao wakazitumia nusu zile kupigana. Angeweza kuijua kwenye kile chumba chenye dirisha la juu, kwa hatua tatu tu. Sebeki angekufa anajua.

Aliimaliza ngoma, kwa sababu miguu ilikuwa ikiijua. Umati ulipiga vigelegele. Hawakuwahi kuona kitu cha fahari kama kile: wazee wawili wakiachana mbele ya jeneza, mmoja mtoni na mmoja jangwani! Watu wa mji wanaopenda maana waliipata maana papo hapo. Mfalme anawaacha walio hai, walisema. Mereri alikuwa na machozi.

"Ndivyo hasa," alimwambia Khenu, na kumpa paja zima la ng'ombe. "Ndivyo hasa ilivyokuwa tangu zamani."

"Bwana Mereri, siyo. Tumekosea. Mmoja alitakiwa kuanza kushoto, tukutane."

Mereri alimvuta kando kwa mkono. "Mzee. Yule ameshaingia. Mlango umefungwa kwa mawe. Unataka niende kuwaambia watu kwamba Neferkara ameingia kwa makosa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi ndivyo ilivyo. Na ndivyo itakavyokuwa. Mwenye kubadili ngoma ya mfalme tutamtoa kwenye mkate, na nyumba yake itakwenda kuchimba mifereji na wengine."

Khenu alilipeleka lile paja la ng'ombe kwa Hepi. Alilitua mlangoni akasema, "Shemeji, alikuwa sahihi."

Hepi alifuta mikono. "Na wewe?"

"Na mimi."

Hepi alilielewa haraka kuliko alivyolielewa yeye, maana alikaa chini pale pale kizingitini. Kwanza alicheka. Kisha hakucheka.

Mfalme mpya alikuwa mtoto wa Neferkara, na kwa kuwa alimngoja baba yake muda wote huo, alikalia kiti akiwa mzee anayekohoa. Nchi iliyokuwa haijui kuzika ikajifunza haraka. Hata mwaka haukuzunguka vizuri, yule mtu wa Ikulu akashuka tena bandarini na matope kichwani, na safari hii hakuna aliyeuliza kipanga gani.

"Kama ile ile, Mzee Khenu," Mereri aliagiza. "Mguu wa kulia."

"Nimesikia, bwana."

Usiku wake alimweleza Inti anachotaka kufanya. Inti alikuwa akichambua dengu, na hakuinua kichwa.

"Watatutoa kwenye mkate."

"Watatutoa."

"Na utachimba mfereji na magoti hayo?"

"Nitachimba kwa mikono."

Inti akazitupa chini chuya. "Miaka yote nilikuona unagombania mguu," akasema, "sikujua kama una moyo. Kalale."

Umati wa mara hii ulikuwa mdogo, watu walikuwa na mashamba. Mereri aliita. Khenu akatoka na kofia yake, akasimama mbele ya Idu, ambaye tangu mwaka uliopita alikuwa mtu maarufu mjini na aliyafanyia kazi magoti yake. Idu alianza vizuri kabisa, mguu wa kulia, hatua tatu kulia kwake, kama alivyofundishwa.

Khenu akaanza na wa kushoto.

Minong'ono ikapita umatini. Mzee amechanganyikiwa. Mzee amekosea mguu. Mereri alifungua mdomo na hakuweza kuita, kwani kwenye ibada haitwi mtu kwa jina. Idu, akihesabu hatua zake, aliinua macho akamkuta Khenu bado yupo mbele yake, anakwenda anakokwenda yeye, na uso wake mnene ukashangaa. Wakakunja magoti pamoja. Vidole vikaelekea ardhini pamoja. Idu akanyoosha mkono wa kulia kama ilivyo, na kiganja chake kikagusana na kiganja cha kushoto cha Khenu, kikatulia pale, kimeloa jasho.

Mahali fulani nyuma ya waombolezaji mwanamke mmoja alipiga kigelegele peke yake, kirefu, kisicho na adabu. Khenu hakuhitaji kugeuka kujua ni Hepi.

"Mzee," Idu alinong'ona, bila kusogeza midomo, "umekosea mguu."

"Siyo wangu," Khenu alisema. "Huu ni wa Sebeki. Usiutoe mkono."